Kompyuta ya Gari la Ernestine Haidanganyi

Akron, Ohio. Jumanne, tarehe 10 Oktoba 2023, mwaka wa hamsini na mbili tangu niondoke milima ya West Virginia.

Mpendwa Bibi Harriet,

Nakuandikia nikiwa mtu mzima wa miaka sabini na miwili ambaye alipaswa kuwa na akili kuliko hizi, na nakuomba ushauri katika safu yako ya gazetini kabla ya Jumamosi ya tarehe 21, kwa sababu siku hiyo nimeahidi kumfundisha mwanamke mmoja kumwaga oili ya gari lake mwenyewe, na akishajua kazi hiyo sioni nitakuwa na sababu gani ya kufika tena nyumbani kwake. Majina nimeyabadilisha ili watu wa kanisani wasitujue, ingawa watatujua.

Nianze nilikotoka. Niliondoka Laurel Fork nikiwa kijana, mgodi wetu ulipofungwa na kampuni ikabomoa nyumba zake, nikaja huku kaskazini kutengeneza matairi kama walivyokuja nusu ya watu wa kwetu, nikaoa, nikalea, nikastaafu, nikamzika mke wangu Lorene, na katika muda wote huo sijawahi kumlipa mtu amwage oili ya gari langu. Ndivyo tulivyolelewa. Baba alichimba mtaro nyuma ya nyumba, wa kina cha mtu kusimama, akawa analiegesha lori juu yake na sisi watoto tunashuka chini na spana kama wachimbaji wadogo. Oili chafu tuliimwaga barabarani ili vumbi litulie, jambo ambalo leo lingetufikisha mahakamani, na mama alikuwa akisema soksi zetu hazifui, anazizika. Nimesoma vitabu vya kutosha tangu hapo kujua kwamba mtu anayelilia kwao mara nyingi analilia umri wake, lakini harufu ya oili ya moto hunirudisha mtaroni kabla sijapata nafasi ya kujihoji.

Sasa nikueleze habari za Ernestine. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na marehemu mumewe, Frank Kovach, tulifanya naye zamu moja kiwandani. Baada ya mazishi ya Frank, Ernestine alilipeleka gari kwenye moja ya zile karakana za haraka, zile ambazo hushuki hata kitini, na akarudi amefura, kwa sababu kazi iliyokuwa ya dola thelathini siku za Frank sasa inakaribia mia, na juu ya hapo fundi alimjia dirishani ameshika filta ya hewa kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, akamwambia, "Mama, na hii nayo imekwisha." Ernestine akanisimulia, "Nikamwambia, na wewe ungekaa ndani ya boneti miaka miwili tuone ungetoka msafi kiasi gani." Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Nikamwambia asikanyage tena kule, anunue oili na filta tu, kazi nitaifanya mimi.

Na nimeifanya miaka miwili. Jumamosi asubuhi nalipandisha gari lake kwenye ngazi zangu mbili za chuma, zile za mshazari za kuinulia gari, nayawekea matairi ya nyuma kabari za mbao, natambaa chini na beseni, nafungua nati, na oili inapoanza kuchuruzika mlango wa jikoni unafunguka na Ernestine anasema, "Njoo unawe, acha hiyo ijimwage yenyewe." Ndani kuna kahawa na ule mkate wa kuviringishwa wenye kokwa za jozi ndani ambao alifundishwa na mama mkwe wake Mhungari, na tunazungumza mpaka tone la mwisho limedondoka, na tunaendelea kuzungumza tone la mwisho likiwa limesahaulika. Mara nyingi tunabishana kuhusu vitabu vya maktaba. Yeye husoma ukurasa wa mwisho kwanza, hata gazeti huanzia nyuma, na mimi namwambia huo ni uhuni, naye ananiambia katika umri wake hana muda wa kungoja kuambiwa nani alikufa.

Hapa ndipo penye kosa langu. Oili za siku hizi si zile za baba yangu. Gari la Ernestine linaweza kwenda maili elfu saba na nusu kabla ya kumwagwa oili, na mimi nalijua hilo vizuri kabisa, lakini nilimwambia maili elfu tatu. Mara ya kwanza nilisema elfu tatu kwa mazoea, kwa kuwa ndiyo sheria niliyokulia. Mara ya pili nilisema kwa ajili ya mkate wa jozi. Mara ya tatu nilikuwa nimeshajijua.

Kisha mwezi wa nne akaniuliza, tena kwa upole, "Jirani, mbona dashibodi inasema oili bado ina uhai wa asilimia sitini? Sasa tunaimwaga ya nini?"

Ningeweza kusema kweli palepale. Badala yake nikamjibu bila kupepesa macho, "Hizo kompyuta zinadanganya. Zimewekwa na watu wanaotaka injini ife haraka ununue gari jingine."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Basi nakuamini wewe kuliko hilo dude," akasema, na sentensi hiyo inanikwaruza kifuani tangu siku ile.

Uwongo wangu haukutulia jikoni. Ernestine hawezi kujua jambo la kumfaa mtu akalinyamazia, na kila Jumatano hukutana na wanawake wa kanisani kushona mablanketi ya viraka, wengi wao wajane, wanaishi kwa pensheni. Amewaambia wote kwamba kompyuta za magari zinadanganya. Jumapili moja mwenzao anayeitwa Dolores akanifuata mlangoni mwa kanisa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuiokoa injini yake, maana sasa kila maili elfu tatu analipeleka gari karakana ya haraka, na ili aimudu hiyo bei ameacha kwenda kunyoosha nywele. Nilitamani sakafu ya kanisa ipasuke.

Wiki iliyopita Ernestine akasema, "Nimeona bei ya galoni ya oili imepanda tena, na goti lako linalia kuliko gari langu. Jumamosi ya tarehe 21 nifundishe, niwe nafanya mwenyewe." Nikajibu sawa, kwa sababu mdomo wangu una mbio kuliko mimi.

Tangu hapo nimewaza mambo ya aibu. Nimewaza kumfundisha nusu nusu, nimfiche kitu kimoja kidogo, ili aniite tena. Nimewaza pia kuondoka kabla ya siku hiyo. Dada yangu Delphia hupiga simu kila Jumapili, na tangu binamu yetu ahame nyumba ya baba haniachi. "Kaka, paa ni jipya, kijito kiko palepale, kaburi la mama liko palepale. Huko kaskazini unafanya nini? Kulala chini ya magari ya wanawake?" Nikienda, Ernestine atanikumbuka kwa wema na hatajua lolote. Sanduku liko kitandani, nusu limejaa.

Nimwambie na nimpoteze, au ninyamaze nirudi kwetu nikiwa na jina zuri? Nimekwisha kumkosa mke mmoja, Bibi Harriet. Sikutegemea katika umri huu kuwa na mtu mwingine wa kumkosa.

Mimi, Mzee wa Beseni.

*

Bibi Harriet anajibu:

Mzee wa Beseni,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikafika kwa Dolores na nywele zake, nikaacha kucheka.

Pole kwa Lorene. Pole na kwa upweke, maana najua nyumba ya mjane mwanamume inavyokuwa asubuhi ya Jumamosi, redio inasema na hakuna wa kuibishia. Kupenda kukaa jikoni kwa Ernestine si dhambi. Lakini hebu jiangalie. Unamtaka mwanamke, halafu kila ukitaka kikombe cha kahawa yake unamwagisha galoni ya oili nzuri aliyoinunua kwa pensheni yake. Karakana ya haraka ilimwonyesha filta chafu ikataka pesa. Wewe ulimwonyesha oili safi ukataka mkate. Niambie nani mwenye afadhali.

Tena alikuuliza. Hilo ndilo linalonikera. Alisoma mwenyewe, akaona mwenyewe, akakuuliza kwa upole, na wewe ukamwambia macho yake hayafai.

Sasa sikia. Siku moja kabla ya somo, nenda kwake. Usiende na ngazi wala beseni. Nawa mikono nyumbani kwako, usinawe kwake. Akifungua mlango, neno la kwanza liwe "Nilikudanganya." Usianze na Laurel Fork, usianze na mtaro wa baba yako, wala usimtaje Frank. Sema ulichosema, sema kilichokuwa kweli, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, nimeona jinsi unavyoandika.

Akikuuliza kwa nini, mjibu. Asipouliza, usimbebeshe.

Halafu kuna wale wanawake wa Jumatano. Hukumdanganya mtu mmoja, umedanganya kundi zima la washonaji, na umemtumia Ernestine kufanya hivyo. Nenda ukawaambie wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Kisha wafundishe kazi yenyewe, yeyote anayetaka, tangu kupandisha gari mpaka kurudisha oili chafu dukani kwenye chupa za maziwa, na hicho kitu kidogo ulichotaka kukificha kitangulie. Bei za karakana hazitashuka kwa ajili ya Dolores. Mikono yake anayo.

Kuhusu sanduku: litoe kitandani, ulale. Dada yako anakuita kwa upendo, na huenda ukaamua kumwitikia, hiyo ni hiari yako. Lakini usiigeuze nyumba ya baba yako kuwa kichaka cha kumkimbilia mwanamke wa mtaa wa pili. Ukienda, uende umeshasema. Mtu anayeondoka na jina zuri la uwongo atalilinda kila simu inapolia, na wewe huna umri wa kazi hiyo.

Huenda akakufungia mlango. Ana haki. Sikuahidi kwamba ukisema kweli utalipwa kwa mkate wa jozi. Nakuahidi tu kwamba ukinyamaza, mkate uliokwisha kula utaanza kukuuma tumbo.

Nenda Ijumaa.

*

Akron, tarehe 24 Oktoba.

Mpendwa Bibi Harriet,

Sikutegemea kukuandikia tena, lakini nadhani unapaswa kujua ulichokifanya, maana kuna jambo ambalo mimi na wewe hatukulifikiria. Safu yako iko ukurasa wa nyuma wa gazeti.

Ijumaa nilivaa shati la kanisani, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikaenda. Ernestine akafungua mlango akiwa na gazeti mkononi.

"Kabla hujafungua mdomo," akasema, "majina umeyabadilisha, na Laurel Fork mimi siijui. Lakini katika Akron hii nzima, anayeoka mkate huo kila Jumamosi ni nani?"

"Nilikudanganya," nikasema.

"Nimesoma."

"Nilikudanganya kuhusu oili na kuhusu kompyuta."

"Sema tena. Gazeti nimelisoma, wewe sijakusikia."

Nikasema tena, nikiwa nimesimama palepale kwenye ngazi za mlango, na jirani wa upande wa pili amezima mashine yake ya kukatia nyasi ili asikie vizuri. Kisha nikanyamaza kama ulivyoniagiza. Bibi Harriet, ilikuwa kazi.

Alikuwa amekasirika kweli, si hasira ya mzaha. Pesa ya oili hakuitaja. "Nilimwambia Dolores," akasema. "Unanielewa? Mimi, kwa mdomo wangu. Nilimwambia simwamini mtu katika mambo ya gari kama ninavyokuamini wewe. Wewe ulipenda kahawa, na mimi nikawa tarishi wa uwongo wako." Akalikunja lile gazeti. "Kesho saa tatu, uwanja wa kanisa. Nimeshampigia mchungaji. Lete ngazi zako na hilo beseni lako." Akafunga mlango. Hakuuliza kwa nini, na mimi sikumbebesha.

Usiku ule sanduku nililitazama sana. Nikaliweka chini ya kitanda.

Asubuhi nikawakuta wanawake wote wa Jumatano uwanjani, wamekuja na viti vyao vya kukunja kama watu waliofuata mchezo wa mpira. Dolores ndiye aliyenipokea. "Haya, mkaribisheni mwokozi wa injini!" akapaza sauti. "Mzee, leo umekuja kuokoa nini?"

"Nimekuja kusema," nikajibu, na nikasema yote mbele yao, kwamba kompyuta za magari yao zilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekuwa na hitilafu. Mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Na huo mkate kweli ni mtamu kiasi hicho?" Wakacheka wote. Ernestine hakucheka. Alikuwa amekunja mikono.

Gari la Dolores lilikuwa limefikia kumwagwa oili kwa haki kabisa, hata dashibodi ilikubali, basi nikafundishia hilo. Niliwaonyesha nati inakaa wapi na inalegezwa kuelekea wapi, nikamwambia Dolores afungue mwenyewe, akafungua, oili ikamrukia mpaka kwenye saa, akapiga ukelele wa furaha kama msichana. Nikawaambia kile kitu nilichotaka kumficha Ernestine: filta ya zamani ikitoka, mpira wake wa duara wakati mwingine hubaki umeng'ang'ania kwenye injini, na ukifunga filta mpya juu yake oili haitakaa, kwa hiyo lazima upapase kwa kidole uhakikishe mpira umetoka. Nikasema hivyo kwa ufasaha mkubwa. Kisha, kwa kuwa nilikuwa namwangalia Ernestine badala ya kuangalia injini, nikafunga filta mpya juu ya mpira wa zamani.

Dolores akawasha gari. Oili yote tuliyotoka kuimimina ikatoka chini kama mfereji uliopasuka, ikatambaa uwanjani kuelekea mlango wa kanisa.

"Zima! Zima!" nikapiga kelele.

Mchungaji alitoka, akaona, akarudi ndani. Kisha nikasikia mtu anacheka, kicheko kile ninachokijua, cha kuanzia chini na kupanda, na nilipogeuka Ernestine alikuwa ameegemea gari lake anajifuta macho. "Kompyuta isingefanya hivyo," akasema. Akaenda akafungua buti la gari lake, akatoa mfuko mzima wa mchanga wa paka, ule tunaonyunyizia oili iliyomwagika, na nikajua kwamba alitoka nao nyumbani kwake akijua anakuja kusimama karibu nami. Tulipiga magoti wote wawili tukinyunyiza. Oili nyingine nilimnunulia Dolores dukani, na safari hii alifanya kazi yote peke yake, mimi nikikatazwa kugusa.

Saa sita wanawake walipokunja viti vyao, nikamuuliza Ernestine kama tulipandishe na lake, maana somo nilimwahidi yeye.

"Langu lina asilimia sitini," akasema. "Tutafanya mwezi wa tatu."

Nikalisikia lile "tutafanya", nikainama kuokota beseni. Yeye akaingia garini, akashusha kioo. "Jumamosi ijayo njoo saa nne. Beseni liache kwako."

"Kuna kazi gani?"

"Kuna kahawa. Au na kahawa nayo ni mpaka maili elfu tatu?"

Akaondoka. Nilibaki uwanjani na ngazi zangu, suruali ya kanisani imeharibika magotini, na sikuona haja ya kwenda popote kwa haraka.

Jumapili Delphia alipopiga simu nilimwambia ampe mwanawe wa kwanza nyumba ya baba, ana watoto wa kuujaza ule uwanja. "Ni mwanamke," akasema.

"Ni mwanamke."

"Anajua kupika maharage na mkate wa mahindi?"

"Hajui hata kidogo. Maharage yake ni kama changarawe."

"Na unakula?"

"Nakula."

"Haya, kaka," akasema dada yangu. "Basi huna dawa."

Tuliongea muda mrefu kuliko kawaida. Nikamwomba anieleze kijito kikoje sasa, majani yameanza kubadilika au bado, na ule mtaro wa baba kama upo. Akaniambia ulifukiwa zamani, palioteshwa viazi. Nilisikitika, nisikufiche, na nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Nitakwenda kule kwa mazishi na kwa harusi, goti likiruhusu safari, na nitasimama kwenye kaburi la mama kama mgeni mwenye adabu. Kukaa, hapana. Laurel Fork sitarudi.